Msimu wa Kumtafuta Papa Upanga

Magomeni, Mtwara. Jumatatu, 6 Januari 2025

Mvua tangu alfajiri. Chumba changu kinavuja sehemu mbili na mwenye nyumba anasema fundi atakuja wiki hii hii, maneno aliyoyasema pia kabla ya Krismasi.

Jana nilikwenda Mikindani kula mchana kwa wazazi. Mama aliniuliza tena mbele ya wageni kazi yangu hasa ni nini. Nikaeleza kama ninavyoeleza kila mara: mimi ni mtaalamu wa vinasaba vya wanyama walio hatarini kutoweka, nimeajiriwa na chuo huko Dar kwa mkataba, na msimu huu ninamtafuta papa upanga kwenye mlango wa mto Ruvuma.

"Yule mwenye msumeno puani?"

"Yule yule."

"Umemwona?"

"Bado."

"Profesa wako je, amemwona?"

"Hapana, Mama. Hakuna aliyesema amemwona pwani hii kwa miaka mingi."

Mama akawageukia wageni wake. "Mnasikia? Msichana amesoma mpaka akawa daktari, kumbe ni kwa ajili ya samaki asiyekuwepo." Wakacheka. Baba peke yake hakucheka. Aliniongezea wali.

Sina haja ya kumwona. Kila samaki huacha majini ute, kinyesi na chembe za ngozi, na ndani yake mna vinasaba. Ninachota maji, ninayapitisha kwenye kichujio kidogo kama sarafu ya mia mbili, ninakihifadhi kwenye spiriti na kukituma Dar kwa Modesta, fundi wa maabara yetu. Kama papa upanga alipita hapo, mashine ya Modesta itasema. Lakini mpaka nifike hapo kwenye maelezo, wageni wa Mama huwa wameshahamia kwenye habari za harusi.

Jumatano, 8 Januari

Mvua. Gari la mradi halijafika.

Ijumaa, 10 Januari

Gari limefika. Injini ya boti imesahauliwa Dar. Dereva anasema hakuna aliyemwambia kuhusu injini. Itabidi nikodi boti ya mtu.

Jumapili, 12 Januari

Mahurunga, hatimaye. Jafari, mwenye boti tuliyokodi, ni mtu wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, anayevaa koti la mvua la njano hata jua likitoka. Ruvuma imejaa, rangi yake kama chai ya maziwa. Tulishuka nayo hadi kwenye vijito vya mikoko karibu na bahari. Viboko wawili walitutazama tu. Mamba hatukumwona, na Jafari alisema hilo ndilo lisilompendeza.

Nilichota maji sehemu sita. Kila safari ninabeba pia chupa moja ya maji safi kutoka maabara, ninaifungua hapo hapo kwenye boti na kuyachuja maji yake sawasawa na yale ya mto. Tunaiita chupa ya udhibiti. Haitakiwi kukutwa na kitu. Ikikutwa na kitu, maana yake uchafu umetoka kwetu, si mtoni.

Jafari alinitazama nikifanya yote hayo, kisha akauliza, "Ukimpata, inakuwaje?"

"Tutajua kwamba yupo."

"Mkishajua?"

"Tutaweza kumlinda."

"Mtamlinda na nani?"

Nikajidai ninakaza kifuniko.

"Huku hayupo, dada," akasema. "Wazee waliwamaliza." Alilisema haraka mno, kama mtu anayefunga mlango mgeni akiwa bado hajabisha hodi. Mtu huyu ananificha kitu, na nitakuwa naye kwenye boti msimu mzima.

Jumamosi, 25 Januari

Safari ya pili. Mvua juu, mbu chini. Sehemu sita, chupa ya udhibiti moja, maneno ya Jafari hayafiki ishirini.

Jumatano, 5 Februari

Yupo!

Modesta alipiga simu asubuhi huku anapiga kelele hadi nikaitoa simu sikioni. "Sehemu ya nne, safari ya kwanza! Tumepima mara tatu, mara zote tatu imeitika! Dada Samreen, yupo!" Nilitoka barazani nikasimama kwenye mvua. Jirani akaniuliza kama nimefiwa.

Profesa Innocent naye akapiga mchana. Huyu ndiye aliyenifundisha mwaka wa pili, wenzangu wakinitania kwamba mtoto wa Kihindi mwenye duka la baba anatafuta nini kwenye matope. Alisimama mbele ya darasa akasema ripoti yangu ndiyo pekee aliyoisoma mara mbili. Kwa neno lile nilisoma miaka tisa zaidi. Leo amesema, "Daktari, andika makala sasa hivi. Wafadhili wanakutana mwanzoni mwa Machi. Hii ni miaka mitatu mingine ya kazi kwetu sote."

Daktari. Hajawahi kuniita hivyo.

Alhamisi, 6 Februari

Modesta tena, sauti ya chini. "Dada, uko wapi? Kaa kwanza."

Chupa ya udhibiti ya safari ya kwanza nayo imeitika. Kwa udhaifu, mara moja kati ya tatu, lakini imeitika.

Ijumaa, 7 Februari

Nimezungumza na Profesa. Nitayaandika maneno kama yalivyokuwa, kwa sababu nina hakika baadaye nitajidanganya kwamba yalikuwa mengine.

"Mara moja kati ya tatu ni kelele za mashine," alisema. "Sehemu ya nne ni tatu kati ya tatu. Hayafanani."

"Najua hayafanani. Basi tuandike yote mawili."

"Ukiandika hilo, wahakiki wa makala watashika hilo hilo moja. Hawataona kingine. Unataka mnyama huyu alindwe au hutaki?"

"Nataka nijue kama yupo, Profesa."

"Yupo. Wewe mwenyewe umempata. Liache hilo la chupa."

Kinachoniudhi ni kwamba si mjinga. Huenda hata ana haki: ishara ya sehemu ya nne ni kali mno, haiwezi kuwa vumbi tu. Lakini "huenda" si jibu. Chupa ya udhibiti haibebwi ili iandikwe ikiwa safi na isahauliwe ikiwa chafu.

Jumapili, 9 Februari

Nimejua uchafu ulikotoka, na afadhali nisingejua.

Nilikwenda Mikindani kumwomba Baba boksi la plastiki lenye kifuniko, maana dari ya chumbani sasa inavuja sehemu tatu. Akasema, "Si nilikwambia ile nyumba si ya kuwekea vitu? Hata yale maboksi yako ya chupa, mwezi wa kumi na mbili ningeyaacha yangelowa yote."

"Maboksi yapi?"

Nilipokuwa Dar kwa wiki ya Krismasi, Baba alikuja kuona hali ya chumba changu, akakuta maji sakafuni. Akayabeba maboksi kwenye pikipiki hadi stoo ya duka lake, akayarudisha siku moja kabla sijafika. Hakusema. Kwake hilo si jambo la kusema. Nikaingia stoo. Kati ya mabati na makopo ya rangi kuna rafu ndefu, na juu ya rafu ile, pale pale ulipokuwa tangu utotoni mwangu, umetundikwa msumeno wa papa upanga. Babu aliununua kwa wavuvi kabla ya uhuru. Mrefu kuliko mimi, meno yote yapo. Nimepita chini yake maisha yangu yote kama mtu anavyopita chini ya kalenda.

"Uliyaweka hapa?"

"Hapo hapo. Nikayafuta vumbi, mengine yalikuwa wazi. Na ule msumeno nao nikaufuta, ulikuwa mchafu."

"Kwa kitambaa kimoja?"

Baba akaniangalia. "Ni vumbi tu, Samreen."

Nilipiga kelele. Mbele ya vijana wa duka na mteja aliyekuja kununua misumari nilimuuliza nani alimtuma aguse vitu vyangu. Nilimwambia ameharibu kazi ya msimu mzima. Mama alitoka ndani akasimama mlangoni.

Baba alisubiri nimalize. "Vilikuwa vinalowa, mwanangu," akasema. Kisha akamgeukia mteja akampimia misumari.

Jumatatu, 10 Februari

Sijampigia Baba.

Alhamisi, 13 Februari

Nimemwandikia Profesa habari yote: stoo, kitambaa, msumeno. Nimesema hatuwezi kudai kitu mpaka tulinganishe. Nimekwangua unga kidogo wa msumeno na kumtumia Modesta kwa basi, avipime vinasaba vyake aone kama ni vile vile vya majini. Modesta anasema atafanya siku mashine itakapokuwa na nafasi, na kwamba nisimtaje.

Msumeno niliukwangua Baba akiwa msikitini. Bado nina aibu na bado nina hasira, na siwezi kuzitenganisha.

Jumatano, 19 Februari

Jibu la Profesa limekuja kwa simu, si kwa maandishi. Ameshawaambia wafadhili. Atawasilisha matokeo ya sehemu ya nne peke yake.

"Basi jina langu litoke," nikasema.

"Samreen, unajua nimekaa miaka mingapi kwenye maabara ambayo kila mwaka naambiwa itafungwa? Unajua Modesta anaendelea kuwa na kazi kwa sababu gani? Wewe unaona chupa moja. Mimi naona jengo zima."

"Naliona jengo, Profesa."

"Huoni. Mkataba wako unaisha mwisho wa Machi. Gari lirudi Dar kesho kutwa."

Haikuwa hata kwa ukali. Ilikuwa kwa uchovu, na hilo ndilo limeniumiza zaidi.

Jumamosi, 1 Machi

Mfungo umeanza. Nimefuturu kwa wazazi. Baba aliniwekea tende kwenye sahani. Tulizungumzia bei ya saruji.

Jumanne, 4 Machi

Mvua.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Fundi wa dari amekuja, ameangalia, ameondoka.

Jumapili, 9 Machi

Modesta amenitumia chupa mpya moja kwa moja kutoka kiwandani, hazijafunguliwa, hazijaingia nyumba yoyote ya familia yangu. Nilipanda bodaboda hadi Mahurunga nikiwa nimefunga, boksi mgongoni, nikateremka mara nne kusukuma pikipiki kwenye tope. Nimefika, Jafari anasema mto umezidi, hashuki.

"Kesho?"

"Wala kesho."

Hapo ndipo nilipomlipukia. Nilimwambia najua ananificha, kwamba tangu siku ya kwanza hataki nimpate yule samaki.

"Sitaki," akasema. Hivyo tu, wazi. "Miaka ya nyuma walikuja wengine, wakapima mikoko. Watu wazuri kama wewe, wanauliza, wanacheka na sisi. Mwaka uliofuata tukaambiwa upande ule msitege tena. Hakuna aliyerudi kutueleza. Mkataba wako ukiisha unakwenda Dar, dada. Mimi mkataba wangu ni huu mto."

"Kwa hiyo yupo."

"Sijasema yupo."

"Hujasema hayupo."

Alivua koti lake la njano akanipa nirudi nalo, kwa sababu mvua ilikuwa inaanza tena. Sikutaka kulipokea. Nililipokea.

Ijumaa, 14 Machi

Mto bado umezidi. Nimeomba kazi ya kufundisha sehemu tatu. Sehemu moja wamejibu kwamba wanatafuta mtu wa vinasaba vya korosho.

Alhamisi, 20 Machi

Siwezi kuandika vizuri, mikono inanuka chumvi na damu ingawa nimeinawa mara nyingi.

Saa tisa mchana Jafari alipiga simu. "Njoo diko," akasema. Diko ni pale wanapoteremshia samaki, karibu na mlango wa mto. "Njoo sasa hivi. Usiniulize kwenye simu."

Nilifika jua limeanza kulegea. Palikuwa na watu wengi kuliko kawaida, na wote walikuwa wanaacha kuongea nilipopita. Jafari alinipokea, hakunitazama machoni. Akaniongoza hadi kwa Rukia, mama wa makamo anayenunua samaki pale diko, anayewatia chumvi na kuwauza bara. Alikuwa amepiga magoti mbele ya turubai la buluu. Juu ya turubai kulikuwa na nyama, vipande vikubwa, vyeupe, vimepangwa kwa unadhifu. Pembeni, ngozi ya kijivu na mapezi. Kichwa kilikuwa kimekatwa sehemu iliyo mbele ya macho yake. Mahali pa msumeno palikuwa na jeraha bapa tu.

Msimu mzima ninatafuta. Nikasimama pale na chupa zangu.

"Amenaswa kwenye wavu wa mvuvi mmoja, Nachundu, alfajiri," Jafari alisema. "Yule msumeno ukishanasa, hautoki. Alikuwa amekwisha kufa walipomfikia. Karibu kufa."

"Karibu kufa?"

"Dada, ni mkubwa kuliko boti. Anapiga msumeno huku na huku. Ungefanyaje?"

"Ungenipigia alfajiri!"

"Nimekupigia," Jafari akasema, na sauti yake ikakatika. "Unajua wananitazamaje hapa sasa hivi? Nimekupigia."

Niliangalia pembeni. Ilikuwa kweli. Wanaume waliokaa kwenye mitumbwi walikuwa hawanitazami mimi, walikuwa wanamtazama yeye.

Nilipiga magoti kando ya Rukia. Nikamwomba kipande kidogo, ukubwa wa ukucha. Akakikata mwenyewe kwa kisu chake, nikamzuia, nikamweleza lazima kisu changu, safi. Akasogea kunipisha bila kuudhika. Nilipokuwa nakiweka kwenye spiriti akasema, kama mtu anayetaja jambo dogo, "Alikuwa na watoto."

"Wapi?"

"Tumboni, wapi tena? Tulipompasua wakatoka. Na vimisumeno vyao, vimevikwa ngozi laini, kama vidole vya mtoto kwenye soksi."

Papa upanga anazaa, hatagi, na anakuja kwenye maji ya mto wakati wa mvua ili azae. Nimelisoma mara mia. Alikuwa amekuja kuzaa.

"Wako wapi hao watoto, mama?"

"Wengine walikufa. Wale wenzangu wakasema tuwatie chumvi nao. Nikasema mimi kitoto sinunui, sina wa kumuuzia, na jicho linanitazama." Akajifuta uso kwa mgongo wa mkono. "Wawili walikuwa wanatikisa mikia. Jafari akawabeba kwenye ndoo akawatia kijitoni, kule nyuma ya mikoko. Mmoja alizama kama jiwe, hatujui. Mwingine alikwenda."

Nilimgeukia Jafari. Alikuwa anatazama miguu yake.

"Alikwenda," akasema. "Kwa nguvu."

Hapo nikalia, mbele ya diko zima, nikiwa na kisu mkononi. Sijui nilikuwa namlilia nani. Adhana ikasikika kutoka kijijini, na Rukia akanawa, akanipa tende na kikombe cha uji wa mtama. Tukafuturu tumekaa kwenye ndoo zilizogeuzwa, yeye, Jafari na mimi, na yule mama wa samaki kati yetu kwenye turubai.

Ijumaa, 21 Machi

Nimelala hadi adhuhuri. Kipande kimeondoka kwa basi la Dar.

Jumamosi, 22 Machi

Nilikwenda dukani kwa Baba. Nilimsimulia yote, hata ya Rukia na ndoo. Alisikiliza huku ameshika rula ya bati. Nilipomaliza akaleta ngazi, akapanda mwenyewe, miaka sabini na mbili, akateremsha msumeno.

"Upeleke chuoni," akasema. "Hapa unaharibu kazi ya watu."

Nilimwambia si msumeno ulioharibu. Akasema anajua.

Ijumaa, 28 Machi

Modesta amepima vyote vitatu kwa pamoja: msumeno wa Baba, mama wa diko, na vichujio vya Januari. Alizungumza polepole nisikose hata neno.

Chupa ya udhibiti ilikuwa na vinasaba vya msumeno wa Baba. Ni vumbi la stoo, kama nilivyoogopa. Lakini sehemu ya nne si msumeno. Herufi mbili za vinasaba zinatofautiana, na hizo mbili zinalingana na samaki wa kwenye turubai la Rukia.

"Alikuwa hapo," Modesta akasema. "Siku ile mlipochota maji mwezi wa kwanza, yeye au ndugu yake wa tumbo moja alikuwa hapo."

Kwa hiyo nilikuwa na haki kutoamini, na Profesa alikuwa na haki kwamba yupo, na haikutusaidia sisi wala yule samaki. Miezi miwili tulibishana juu ya karatasi. Angeweza kulindwa kwa neno moja diko, na mimi diko sikuwahi kusema na mtu zaidi ya Jafari.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Siku ya mwisho ya mkataba. Mama amenipikia biriani na hakuniuliza kitu mbele ya wageni. Mgeni mmoja aliponiuliza, Mama akajibu yeye: "Huyo samaki yupo. Binti yangu amemthibitisha." Kisha akamwongezea wali.

Jumanne, 1 Aprili

Profesa Innocent. Modesta amemwonyesha matokeo.

"Umeshinda," akasema.

"Hakuna aliyeshinda, Profesa. Samaki ameliwa Masasi."

Akasema anataka niandike makala, jina langu likitangulia. Nilimwambia nitaandika kwa masharti mawili. La kwanza, chupa ya udhibiti iandikwe yote, pamoja na stoo ya baba yangu, na yeye awaandikie wafadhili kwamba aliwasilisha mapema mno. La pili, jina la kijito lisitokee, ramani isitokee. Kusini mwa Tanzania, basi.

"Bila mahali, nani atalinda?"

"Nakwenda kuwauliza."

"Akina nani?"

"Waliopo pale."

Akasema la wafadhili litamgharimu. Nikasema najua. Nikangoja akate simu. Hakukata. "Tuma rasimu," akasema mwishowe. "Nitawaandikia." Sauti ilikuwa ile ya zamani, ya darasani, au nilitaka iwe hivyo.

Jumamosi, 5 Aprili

Kikao diko. Bila afisa, bila karatasi. Jafari alinitaka niseme mwenyewe. Niliomba jambo moja: kijito cha nyuma ya mikoko kisitegwe nyavu mpaka mvua ziishe, kwa sababu watoto wa yule mama hukaa humo wanapokua.

Nachundu, yule mwenye wavu, alisimama kwanza. Mtu mnene mwenye sauti kama ya ngoma. "Samaki mmoja! Kwa ajili ya samaki mmoja tulale njaa? Na mwakani utatuletea wenye bunduki."

Nikasema jina la kijito sikuliandika popote na sitaliandika.

"Tutajuaje?"

Nikasema tu, "Hamtajua. Mtaniona kama narudi au sirudi."

Walibishana mpaka nikakata tamaa. Mmoja alisema mimi ni mtu wa Mikindani, siyo mtu wa mto. Mwingine akasema nilipoondoka siku ile nilikuwa nimevaa koti la Jafari, kwa hiyo Jafari ameshanunuliwa. Mwishoni Rukia akasema bila kusimama: "Atakayetega kile kijito kabla mvua haijaisha, samaki wake akawauze mwenyewe bara. Mimi sinunui."

Wakakubali kijito kimoja, mpaka mwisho wa mwezi wa tano. Nachundu alikubali kwa kutema mate chini. Nilitaka vijito vitatu na msimu mzima. Nimepata kimoja na mate.

Ijumaa, 11 Aprili

Mvua. Nimetuma rasimu. Wale wa korosho wamenipa kazi ya muda, kuanzia mwezi wa sita. Nimekubali.

Jumamosi, 19 Aprili

Nilikuwa kwa Jafari, Mahurunga, nachota maji ya msimu huu kwa mara ya mwisho, Nachundu alipokuja. Alikuja kwa miguu, wavu begani, na nilimsikia kabla sijamwona.

"Yuko wapi huyo daktari wenu?"

Akautupa wavu miguuni pangu. Kati kulikuwa na tundu unaloweza kupitisha kichwa, na lilikuwa limekatwa kwa kisu, si kwa kuchanika.

"Nilitega mpakani mwa kile kijito," akasema. "Mpakani, siyo ndani, na Jafari anaujua mpaka. Asubuhi navuta, nakuta kitu kinatikisika. Kirefu hivi." Akanyoosha mkono wake wote, akapima kutoka begani hadi ncha za vidole. "Msumeno wake mgumu tayari, umejifunga kwenye nyuzi mara kumi. Ninauchomoa huku, unanasa kule. Kinanitazama."

"Ukafanyaje?"

"Unaona nilichofanya! Nimekata wavu wangu kwa mikono yangu mwenyewe. Mtu mzima, mbele ya wanangu, nakata wavu. Wamenicheka njia nzima."

"Akaenda?"

"Akaenda! Angebaki anafanya nini?"

Nilimwambia asante. Nilimwambia mara ya pili, maana ya kwanza haikutoka vizuri.

"Asante haizibi tundu," Nachundu akasema. Akakaa kwenye kizingiti cha Jafari, akauvuta wavu magotini, akatoa sindano yake ya kushonea, akaanza kushona huku anaendelea kulalamika. Nami nikakaa chini kando yake nikamshikia upande wa pili.